Servo ya gari la remote la baba ilivyonipigia kelele wiki saba, na mkono wake ulivyofunga nikiitafuta

Wakuu, heshima kwenu wote.

Humu huwa napita kimya kimya. Nimewahi kuandika mara moja tu, nilipouliza kuhusu servo ya usukani inayolia kwenye gari la RC. Mlinijibu vizuri na hamna kosa lolote kwa haya ninayoyaleta leo.

Nitayasema yalivyokuwa. Hata yale yanayoniaibisha sitayaruka, maana nikiyaruka uzi wenyewe hauna maana.

Mimi ni fundi wa pampu za maji na jenereta huku Rwamgasa, Geita. Duara, yaani shimo la dhahabu, likijaa maji na wachimbaji wakashindwa kushuka, mimi ndiye ninayepigiwa simu. Mota nimezifungua mpaka nimechoka nazo. Nalitaja hili si kwa kujisifu. Ndilo lililoniponza.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori. Zaidi ya miaka ishirini alipakia pale bandari kavu ya Isaka, akapeleka Kigali, akapeleka Bujumbura. Alipoacha kazi akajenga hapo hapo Isaka. Alisema bila kusikia lori likibadilisha gia hapati usingizi.

Mwaka juzi kiharusi kikampiga. Upande wote wa kulia.

Maneno nayo yakaondoka. Kiswahili chote kilikwenda, akabakiwa na neno moja la Kisukuma, "yaya", yaani hapana. Baba, uji? Yaya. Maji? Yaya. Kuna wakati anamaanisha ndiyo kabisa, na unamwona anavyokasirika kwa jinsi mdomo wake ulivyomsaliti.

Aliyeuguza mzazi wa namna hii ananielewa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Shinyanga alituambia, "Huu mkono upeni kazi kila siku. Mkiuacha utajikunja, ukikaza itakuwa shughuli nyingine." Akatupa kampira laini ka kuminya. Baba alikatupia kuku kwa mkono wa kushoto.

Sasa kulikuwa na mzungu mmoja niliyewahi kumtengenezea jenereta. Mkataba wake uliisha, akawa anafunga mizigo arudi kwao, na kwenye vitu alivyokuwa anaviacha kulikuwa na gari la RC. Si yale ya dukani ya plastiki tupu. Hili lilikuwa na springi, tairi za kashata zenye meno makubwa, na remote yenye umbo la bastola.

Ile remote unaishika kwa mkono wa kushoto, kidole kinavuta kichochezi cha mwendo. Pembeni kulia kuna kiusukani unachokizungusha kwa mkono wa kulia.

Nilipoiona tu nikamfikiria baba. Nikalichukua.

Siku ya kwanza mama ndiye aliyemfungulia vidole na kuvipanga juu ya kile kiusukani. Gari likaenda moja kwa moja likagonga beseni la vyombo. Baba akacheka. Mama akaingia ndani haraka, nikajua anakwenda kulia, maana kicheko kile hatukuwa tumekisikia tangu augue.

Ikawa ndiyo kazi yake ya kila jioni. Baada ya miezi michache alikuwa analirudisha nyuma katikati ya ndoo mbili bila kuzigusa, vile vile alivyokuwa anaingiza tela kwenye ghala.

Siku moja mama akanipigia nikiwa kazini. "Ng'wanone, mwanangu, baba yako kashika kikombe. Kwa mkono ule ule."

Nilizima jenereta ili nisikie vizuri. Nikamwambia arudie.

Kwa hiyo mjue hilo gari kwetu lilikuwa nini.

Nilipokwenda likizo fupi nikalifanyia usafi. Nikapaka na grisi kwenye viungo vya usukani, nikijiona nimefanya la maana. Likizo iliyofuata nikakuta linalia.

Mwanzo ilikuwa zzzzz, kama nyuki ndani ya kopo, gari likiwa limesimama. Ukikata kushoto inakuwa krr, krr, halafu tairi zinachelewa kurudi katikati. (Kwa wasiojua, servo ni kile kimota kidogo chenye gia kinachogeuza tairi za mbele. Kamlio kadogo ni kawaida yake. Krr si kawaida.)

Nikabadilisha betri, ikalia. Nikarekebisha trim, kile kitufe cha kuweka tairi katikati, ikanyamaza kidogo, ikaanza tena. Ndipo nilipokuja humu kuuliza, mkaniambia huenda meno ya gia yameliwa, nifungue niangalie.

Nikatandika gunia uani, nikachukua bisibisi.

Baba alikuwa kwenye kiti chake pembeni yangu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akalivuta gari mpaka gotini kwake. Akaliinua pua juu, akashika tairi ya mbele kwa vidole, akaizungusha taratibu. Kulia. Kushoto. Ilipofika kushoto ikagoma. Akainamisha sikio.

Kisha akanyooshea kidole servo. "Yaya."

Akazungusha tena. Akanyooshea servo tena. "Yaya."

"Subiri baba, ndiyo naitengeneza," nikamwambia.

Akapiga paja lake kwa hasira. "Yaya! Yaya!"

Mama alikuwa anachambua mchicha. Akasema, "Huyu anataka kukuambia kitu."

"Anataka gari lake, mama. Hataki liguswe."

Nikalichukua kutoka gotini kwake. Akalizuia, na alilizuia kwa mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimeshika bampa. Wakuu, mkono ambao mwaka mmoja nyuma ulikuwa unaning'inia ulikuwa umeshika bampa kwa nguvu, na mimi mwanawe nikavibandua kidole kimoja kimoja.

Nikafungua servo. Gia zilikuwa nzima. Nikasema basi ni kimota chenyewe kimechoka. Nikaifunga, nikalipakia gari kwenye begi niende nalo Rwamgasa kwenye vifaa vyangu.

"Wiki moja tu," nilimwambia mama.

Nikaagiza servo mpya kutoka Dar, yenye gia za chuma na nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Ikaja na basi. Nikaifunga kwa furaha, nikawasha.

Kelele ikawa kubwa kuliko mwanzo.

Nikakata kushoto, ikalia, ikasukuma, na kwa kuwa ilikuwa na nguvu ikavunja tairodi ya plastiki, kile kijiti kinachovuta tairi. Sasa gari halikuwa linalia tu, lilikuwa haliwezi kwenda kabisa. Nikaagiza tairodi. Ikakawia.

Halafu mvua zikaanza. Mwenye kuijua Rwamgasa wakati wa mvua anajua, maduara yote yanakuwa visima. Pampu zinaharibika kwa zamu. Nilikuwa natoka shimo hili naingia lile, nikirudi nalitazama lile gari juu ya meza, najiambia kesho.

Mama alikuwa anapiga. Mwanzo alikuwa anauliza limefikia wapi. Baadaye akaanza kusema baba hataki zoezi lingine lolote, ukimpa kitambaa akikunje anakiangusha. Jioni anatolewa nje, anakaa anatazama uwanja.

Wiki ya nne au ya tano aliniambia hivi, "Si uagize tairodi yoyote tu, uturudishie ile servo ya zamani? Lilikuwa linalia, lakini lilikuwa linakwenda."

Nikamjibu, "Mama, siwezi kumletea baba kitu kibovu."

Hili jibu nimelirudia kichwani mara nyingi mno.

Ukweli ni kwamba sikuwa namfikiria baba. Nilikuwa nimeudhika. Fundi mzima, naamsha jenereta zilizokufa, halafu kitu kinachoenea kiganjani kinanishinda! Nilitaka nilirudishe likiwa kimya kabisa ili baba aone.

Wiki ya saba tairodi ikafika.

Ili kuifunga, nikatenganisha servo na vyuma vya usukani. Servo ikawa pembeni, haijashika kitu. Nikashika tairi ya mbele kwa vidole nitazame urefu.

Kulia ikaenda. Kushoto ikagoma.

Nikarudia. Servo haipo, waya haupo, na tairi inagoma.

Nikalipindua gari, nikafungua bamba la chini. Ile grisi yangu ilikuwa imekamata vumbi la uwanjani ikawa kama udongo wa kufinyangia. Katikati yake, kwenye kiungo kinachobeba tairodi, kulikuwa na kokoto. Ukubwa wa punje ya mtama.

Nikaitoa kwa sindano. Nikafuta. Tairi zikateleza kulia na kushoto kama ziko kwenye maji.

Nikarudisha servo ya zamani, ile niliyoihukumu. Nikawasha. Kimya.

Haikuchukua hata dakika kumi.

Servo haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inalia kwa sababu inasukuma kitu kisichosogea. Na dereva wa malori alikuwa amelijua hilo siku ya kwanza, kwa vidole vyake na sikio lake, akanionyesha mara mbili mbele ya mama. Safari hiyo ile "yaya" yake ilikuwa sahihi kabisa. Servo, hapana. Tafuta kwingine.

Nikaondoka kazini bila ruhusa, nikashuka Kahama, nikafika Isaka mchana.

"Shikamoo baba."

Huwa anaitikia kwa kuinua mkono wa kushoto. Akauinua. Nikatazama ule wa kulia.

Ulikuwa umefumba. Kidole gumba ndani, vingine juu yake. Mama alikuwa amepenyeza kitambaa kiganjani kwa sababu kucha zilikuwa zinamchoma.

Nikapiga magoti, nikajaribu kuvifungua. Viligoma. Akakunja uso kwa maumivu, nikaacha.

Nikaliweka gari chini, nikaliendesha mimi. Likazunguka uwanja mzima, unasikia tairi tu kwenye mchanga.

Nikamwambia, "Baba, ulikuwa sahihi. Haikuwa servo. Nisamehe."

Akanitazama. Nikamwekea remote mapajani. Akaitazama nayo. Kisha akaichukua kwa mkono wa kushoto, akaiweka juu ya mkeka polepole, kama dereva anayerudisha funguo ofisini.

"Yaya," akasema.

Sijui ilikuwa yaya ipi.

Tulimrudisha Shinyanga. Mtaalamu alinisikiliza, hakunilaumu. Alisema mkono ungeweza kukaza hata kama gari lingekuwepo, hakuna ajuaye. Akatufundisha kuunyoosha kwa maji ya uvuguvugu, akampa kibao cha kuufungia ubaki umenyooka. Nilipomuuliza kama utafunguka akasema, "Endeleeni tu." Nimeshawaambia wateja maneno hayo kuhusu pampu ambazo nilijua zimekufa.

Sasa hivi ni mwezi wa tatu tangu turudi. Mama anaunyoosha asubuhi na jioni. Nikiwepo nanyoosha mimi. Kikombe ameshasahau.

Nilichojifunza, kwa wenye magari haya: servo ikilia usiifungue. Itenganishe kwanza na usukani, shika tairi kwa vidole, zungusha. Ikiwa nzito, servo haina kosa. Na msipake grisi kwenye viungo vilivyo wazi kama mnaendeshea kwenye vumbi, inaokota kila kitu.

Kwa wenye wagonjwa: kitu kinachomsaidia kikiwa kibovu lakini kinakwenda, mwachieni. Mtatengeneza akiwa amelala. Na akikataa jambo mara mbili, acheni bisibisi chini muulize kwa vidole, kwa macho, kwa vyovyote, anakataa nini hasa. Mimi nilikuwa na haraka ya kumsaidia.

Karibuni mtoe maoni. Wa kunisema na aniseme, nimeshajisema zaidi.

Ila ninachokiomba hasa ni kwa mliouguza. Kama kuna mzazi wako ambaye mkono ulishafunga kabisa halafu ukaja kufunguka, niambie ilichukua muda gani na mlifanya nini.

Na kama haukufunguka, andika pia. Nasoma zote.