Mchele wa Kulwa na Doto

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, nyumbani kwetu Kiseke tulikula wali wa watu wawili nisiowajua. Mchele wao ulikuja kila baada ya mavuno, nyuma ya baiskeli ya mjomba, katika viroba viwili vilivyolingana: kimoja kimefungwa kwa kitambaa chekundu, kingine kwa cheupe. Mjomba alivishusha mlangoni, akajifuta jasho, akasema, "Dada, mama ametuma. Wa watoto." Mama alivipokea, akaviingiza chini ya kitanda, akakaa huko chumbani kwa muda mrefu kuliko kazi ya kusukuma viroba inavyohitaji.

Mtoto ndani ya nyumba ile nilikuwa mimi peke yangu. Sikujiuliza kwa nini mjomba anasema watoto. Nilikuwa nakula.

Mama hakuula. Siku za wali alijipakulia ugali wa muhogo uliolala, na nilipomwuliza alijibu, "Wali unanikaba, mwanangu. Kula wewe." Baba alikuwa dereva wa lori, mlokole, mtu wa maneno machache. Siku alizokuwapo alikula upesi, macho kwenye sahani, akanyanyuka. Mimi nilibaki na sufuria. Ukoko nilijikwangulia wote mpaka chini kukang'aa, na mama aliketi kwenye cherehani yake akinitazama.

Mwaka ule, shule zilipofunga Desemba, mjomba alikuja bila mchele. Bibi alitaka kuniona. Mama alibishana naye nje, kwa sauti ya chini, mpaka chai yao ikapoa. Kesho yake alinipeleka hadi Kisesa. Mjomba alikuwa akitungoja kando ya barabara na baiskeli yake, na hapo mama alisimama kama mtu aliyefika ukutani.

"Wewe huji?"

"Nina nguo za watu za kushona." Alinikaza mkanda wa gauni. "Ukifika, piga magoti ukisalimia. Watakuuliza hali ya kila mtu, huko hawaishi kuuliza. Wewe itikia tu hajambo, hawajambo, mpaka wachoke."

Kijiji chenyewe hakikuwa mahali pa kwenda isipokuwa una mtu wako. Gari halikufika. Mjomba aliniambia njiani kwamba wageni wao ni wa aina mbili, wa chanjo na wa kura, na wa kura huja na pipi. Tulipita mawe makubwa yaliyobebana, tukavuka mto usio na maji, na ng'ambo yake dunia ikawa tambarare: majaruba ya mpunga yamekatwa kwa kingo za udongo, miji, yaani kaya za watu, imezungushiwa ua wa minyaa, na mbali kabisa ukanda mwembamba wa ziwa. Ardhi ilikuwa imepasuka. Mvua ilikuwa imechelewa.

Bibi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Alinishika kichwa, akanigeuza huku na huku kama anayechagua chungu, akasema, "Umefanana naye." Kabla sijauliza nimefanana na nani, majirani walikuwa wamefika. Nilipiga magoti. Mzee wa mji wa pili, aliyekuwa na jino moja la mbele na kicheko kikubwa, alianza.

"Mtoto wa mjini unaitwa nani?"

"Shija."

"Aa, Shija! Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Baba hajambo? Ng'ombe hawajambo?"

"Hatuna ng'ombe."

Walicheka wote. "Basi hata kuku! Na Kulwa na Doto, hawajambo?"

"Hawajambo," niliitikia, kama nilivyofundishwa.

"Wamekuwa wakubwa sasa!"

"Ndiyo. Wakubwa."

Kinamama walipiga makofi. Bibi aligeuka, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji ilhali mtungi ulikuwa umejaa.

Wewe unayesoma, kama umekulia huku kwetu, jina langu limekwisha kukuambia kila kitu. Mimi lilikuwa halijaniambia. Kwa Wasukuma mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata tumboni huitwa Shija. Hakuna Shija anayetangulia. Lakini mama aliniambia ni jina la babu yake, na mtaani kwetu tulikuwa mchanganyiko wa watu wa kila upande, hakuna aliyejali. Jioni ile nilidhani Kulwa na Doto ni binamu zangu wa mahali fulani, na nikafurahi kwamba hawajambo.

Nilikijua kijiji kwa miguu. Watoto wa huko walinicheka kwa kumkimbia ndama. Walinifundisha kutafuna michembe, vile viazi vitamu vikavu, polepole hadi vilainike, na kutembea juu ya kingo za majaruba bila kuzibomoa. "Weka mguu kama paka," waliniambia, "usiuweke kama mwalimu." Bibi alinionyesha mashamba yake. Mwishoni, karibu na mto, palikuwa na majaruba mawili madogo, na kwenye kona ya kila moja kijiti: kimoja na kitambaa chekundu, kingine na cheupe.

"Hili la Kulwa," alisema. "Hili la Doto."

Niliitambua rangi ya vitambaa. Nilitaka kumwambia kwamba mchele wao ninaula mimi, lakini nilikuwa na aibu ya mtoto aliyejikuta ameketi kwenye kigoda cha mwenzake.

Mvua iliendelea kukataa. Miche kitaluni ilianza kugeuka rangi ya majani makavu, na watu walianza kusema. Kisimani nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba mapacha wa mji ule walivushwa mto bila kuchezewa ngoma yao ya mila, na kwamba mapacha ni wenzake mvua. Wakiondoka vibaya, nayo huondoka vibaya. Waliponiona walianza kuzungumzia sabuni.

Siku chache baadaye, asubuhi, Bibi alinichukua mpaka kwenye majaruba mawili ya mwisho. Alibeba kibuyu cha maji na tawi la majani mabichi. Alinisimamisha juu ya ukingo ulio katikati.

"Wenyewe hawapo," alisema. "Wewe ndiye uliyewafuata. Nikiwaita utaitikia, maana anayeitwa hawezi kuachwa bila kuitikiwa."

Alichovya majani, akanyunyizia jaruba la kulia. "Kulwa!"

"Abee."

Akanyunyizia la kushoto. "Doto!"

"Abee," niliitikia, nikaibadilisha sauti kidogo ili wasifanane. Ni ubunifu wa kitoto, na hadi leo ukinijia ghafla nasimama nilipo.

Bibi alisubiri kidogo. Kisha, taratibu, "Shija."

"Abee, Bibi."

Alilia bila kelele, akanifuta mimi uso kana kwamba niliyelia ni mimi.

Mvua ilikuja kesho yake mchana kutoka upande wa ziwa, nzito, ikizamisha nyufa zote. Watoto walicheza ndani yake wakiniita mwenye mvua. Yule mzee wa jino moja alipita akiwa amejifunika turubai, akapaza sauti, "Shija mjini msimrudishe! Mwacheni hapa hapa!" Sijawahi kupendwa na kijiji kizima tangu siku ile.

Basi nilirudi Kiseke nimevimba kwa sifa. Nilimwambia mama yote kwa mpigo: majaruba, vitambaa, kibuyu, abee ya kwanza na abee ya pili. "Nao wakauliza Kulwa na Doto hawajambo, nami nikaitikia vizuri. Mama, ni akina nani?"

Mama alisimamisha cherehani kwa kuweka kiganja kwenye gurudumu.

"Ni kaka zako," alisema. "Walikutangulia. Surua iliwachukua wote wawili, wiki moja." Alitazama kiganja chake. "Walizaliwa kule kwa Bibi yako. Alinikataza kuwavusha mto kabla ya ngoma yao. Akasema, ukiwavusha hivi hivi, hawatakaa. Baba yako akasema hayo ni mambo ya giza, niende nyumbani kwangu. Nikawavusha."

"Bibi anajua kwamba walikufa?"

"Hajui. Mjomba wako huishia mlangoni, wala haulizi. Nitamwambia nini? Kwamba hawakukaa?" Kisha akanivuta karibu, akasema neno ambalo nimelibeba tangu hapo. "Umewaambia hawajambo. Basi waache wawe hawajambo."

Mavuno yalipofika, mjomba alileta viroba viwili, na vilikuwa vizito kuliko mwaka wowote, kwa sababu ya mvua niliyoiitikia. Mama alipika. Nilisukuma sahani.

"Kula."

"Ni wa kwao."

"Usipokula utaharibika, na ukiharibika itabidi nimweleze mjomba wako kwa nini. Kula, Shija."

Nikala. Ulikuwa mtamu, wenye harufu ile ya mpunga mpya, na utamu wake ndio ulioniuma. Nilikwangua ukoko pia. Nilitunza siri ya mama kwa mdomo uliojaa, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikaizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Nilisoma. Nilipata chuo kule Nyegezi, nikaanza kuandika mashairi, na mashairi yangu mengi yalikuwa ya kijiji kile: kingo za majaruba, minyaa, mwanamke mrefu mwenye kibuyu. Watu walinipigia makofi. Hakuna shairi hata moja lililokuwa na mapacha ndani yake. Nilijua kuipima mizani, na nilijua ni neno gani ninaloliruka. Nilijua pia kwamba surua haiulizi kama mtoto amechezewa ngoma, na kwamba mvua ya Desemba huchelewa na huja, aitikie mtu asiitikie. Elimu hiyo yote haikunisaidia kumeza tonge moja.

Mwaka huu mjomba hakuweza tena kupanda baiskeli. Alimpigia mama simu kwamba mchele uko tayari, aufuate mtu. Mama alinitazama. Nilimwambia, "Nikienda, nitamwambia." Alirudi kwenye cherehani.

Sasa pikipiki hufika hadi mlangoni. Bibi alikuwa uani, kwenye kigoda, macho yake yamekuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Shija."

"Shija wa mama. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

Kisha, yeye ambaye hakuwahi kuniuliza, aliuliza: "Kulwa na Doto, hawajambo?"

Neno lilikuja hadi kwenye meno. Nililizuia. Kuku alipita katikati yetu, akadonoa, akaenda zake.

"Mbona huitikii? Ulipokuwa mdogo uliitika upesi, kama mtu anayefukuza nzi."

"Bibi, walikufa. Kabla sijazaliwa. Surua."

"Hilo najua," alisema.

Nilibaki nimepiga magoti.

"Mjomba wako aliporudi safari ya kwanza, nilimwuliza, kamba ya nguo ya dada yako ina nini? Akasema, ina shuka na gauni lake. Nikajua. Nyumba yenye mapacha, kamba haikauki."

"Sasa Bibi, mchele..."

"Mama yako ana shingo ngumu. Alitoka hapa kwa hasira, nami nilimfuata mpaka mtoni nikisema maneno. Kinywa hiki. Nikasema hawatakaa, na hawakukaa." Aligusa midomo yake kwa vidole viwili. "Ningemwambia nini baada ya hapo? Ningemtumia chakula kwa jina lake angekirudisha. Lakini cha watoto mama harudishi. Nikasema, nitalima mpunga kwa jina lao, atakula yeye. Siku akichoka kunificha atakuja." Alinitafuta uso kwa mkono, akaupata. "Hakuja. Lakini alikuwa anakula? Niambie. Mama yako alikuwa anakula?"

Nilikuwa nimetoka mjini kwenda kumaliza uongo. Nilikuwa nimejipanga njia nzima, sentensi kwa sentensi.

"Alikula, Bibi," nilisema. "Alikula sana."

Alicheka, mabega yote yakitikisika. "Alipenda ukoko yule! Tangu mdogo. Tulikuwa tunagombania naye sufuria."

Nimerudi Kiseke na viroba viwili. Nilipika mwenyewe, na mama akiwa amekaa mlangoni nilimweleza yote, kamba ya nguo, maneno ya mtoni, jina la watoto. Alisikiliza akiwa amekunja kanga mikononi. Mwisho aliuliza, "Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ulikuwa unakula."

Nilikwangua ukoko wote, nikauweka kwenye sahani, nikaisogeza miguuni pake. Kwa muda mrefu sahani ilifuka moshi kati yetu. Kisha alinawa. Alimega kipande, akakitia mdomoni, nami nikasikia kikivunjika menoni mwake.

"Una mchanga kidogo," alisema. "Mchele wa mama siku zote una mchanga kidogo."

Kesho anasema atapanda gari la Kisesa, na huenda akaenda. Mimi sijalala vizuri tangu nirudi. Kwa miaka yote nilidhani nimewanyang'anya kaka zangu wali wao. Kumbe wao hawakuwa na njaa. Mwenye njaa alikuwa ameketi mbele yangu, kwenye cherehani, akinitazama nikikwangua sufuria mpaka ing'ae.