Madarasa Mawili, Sauti Moja

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja Vingunguti, mwalimu mmoja aliposikika madarasa mawili, nami nikabaki kimya. Mie! Kunyamaza kulikuwaga kazi kwangu kuliko kubeba zege.

Enzi hizo shule za watu binafsi ndo kwanza zinaanza. Yetu ilikuwa banda la mabati, vyumba vimetengwa kwa plaiwudi isiyofika juu. Elimu yangu darasa la saba, ila nilipewa chekechea kwa vile najua kuimba na kucheza kidogo. Kwa heshima lakini, usicheke.

Darasa la pili lilikuwa la Mwalimu Zuhura, Mzaramo wa palepale, mwandiko wake mzuri mpaka unautamani. Nyuma ya plaiwudi, darasa la tatu, Mwalimu Mponda, mtu wa Kusini, sauti inafika machinjioni. Mwandiko wake sasa! Kama kuku kapita ana haraka. Walikuwa hawaivi kabisa. Huyu analalamika kelele, yule analalamika chaki zake zinapungua.

Basi Zuhura akakaukiwa sauti. Hata shikamoo haitoki. Mwenye shule akatangaza: kesho anapita, darasa akilikuta limelala, mwalimu wake akapumzike kwao moja kwa moja. Na Zuhura ndo aliyekuwa anamlisha mama yake.

Nikamchokoza Mponda. "Ticha, kesho unapumua. Mbaya wako anaondoka."

Hakucheka. "We kijana, mzazi akichukia darasa moja, mtoto anamtoa darasani au shuleni?"

"Shuleni."

"Haya, kaimbishe watoto wako."

Kulipokucha nikamkuta Zuhura anaandika ubao wake. Akamaliza, akahamia kwa Mponda, akaandika na wa kule. Habari ileile ya mvua.

Mwenye shule alipoingia, Mponda akapaza sauti, ikapita juu ya plaiwudi. La pili wanasoma, la tatu wanajibu maswali. Zuhura anaonyesha kwa fimbo, akigonga plaiwudi, sauti inahamia mstari mwingine. Hawaonani, mwanangu! Lakini hawakupishana hata neno. Mabati yanaitikia, mie mwili unanisisimka kama niko ibadani.

"Mbona huyu mwalimu hasemi?" mwenye shule akauliza.

Mponda akajibu kutoka kwake: "Anasema, mzee. Njoo uangalie ubao wangu."

Akaenda, akautazama. Mwandiko wa Mponda anaujua vizuri. Akageuka, akarudi kwa Zuhura.

"Zuhura, kanywe tangawizi. Ukipona, endelea na darasa lako."

Sasa wewe kesho unaanza kufundisha. Usifurahie mwenzako akikwama. Ingia darasani kwake kabla bosi hajaingia, mpe unachokiweza, chukua usichokiweza bila aibu. Hata kama jana mlinuniana. Watoto ni wenu wote.

Mungu akutangulie, mwanangu, akukutanishe na walimu wenye roho nzuri, na wewe akujaalie kuwa mmoja wao. Amina.