Pikipiki Niliyokataa Kuiacha Njia ya Belobaka

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na siiiti mimi. Inakuja yenyewe kila nikisikia pikipiki inakohoa. Juzi nilisikia yako hapo nje. Ilikohoa mara mbili, ukainama, ukageuza koki ya mafuta, ikaendelea, ukacheka na rafiki yako. Mimi nilikuwa dirishani, sikucheka. Nikasema hili nitaliandika, maana nikikueleza kwa mdomo utaniitikia "ndiyo baba" huku unatazama njia. Shule sikusoma sana. Nilipita chuo cha Kurani na madarasa matatu ya Kifaransa, na Kiswahili hiki nimekikusanya kwa bibi yangu, kwa mabaharia, na baadaye Unguja nilikokaa miaka sita. Ukikuta neno limekaa vibaya, lipishe.

Kwetu Antanimasaja, Mahajanga, tulikuwa tumebaki wachache. Mwaka ule wa fujo watu wetu wenye asili ya Ngazija waliuawa wengi, na waliopona wengi wakapakiwa melini wakapelekwa visiwani, visiwa ambavyo wengine hawakuwahi kuviona. Baba yangu hakuonekana tena. Mama na mimi tulilala siku nne chini ya kitanda cha Mama Zafy, mama wa Kimalagasi aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga jirani yetu. Yeye alikaa mlangoni na karai lake, na akiulizwa humu ndani mna nini anajibu mna mihogo. Siku hizo sitazisimulia. Nimezitaja ili ujue kwa nini mama, alipougua miaka kama minane baadaye, hakuwa na watu. Mtoto wa kumzaa alikuwa mmoja, mimi. Mtoto wa dada yake alikuwa mmoja, Mshangama. Basi.

Wakati huo nilikuwa kisiwani Nosy Be, nachochea moto kwenye mtambo wa kupikia maua ya langilangi mpaka yatoe mafuta. Watu huisifu harufu ile. Mimi niliinusa miaka minne, na mpaka leo mtu akipita amejipaka nageuza uso. Moto ule ndio ulioninunulia pikipiki, ya Kijapani, nyekundu, ya mtumba. Niliiacha Mahajanga kwa Mshangama ili amchukue mama hospitali kila inapobidi. Nilimwachia kwa moyo mweupe. Hilo nalo likumbukwe.

Nilipoletewa habari kuwa mama amezidiwa, nilipanda meli ya mizigo. Nilimkuta bado anaongea. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache yake yote yalikuwa ya kazi. Aliniambia mawili.

La kwanza: "Nikifa, Mama Zafy aletwe aniage kabla sijafunikwa uso."

La pili: "Kaburini unishushe wewe. Unipokee kwa mkono wako. Nimezaa mmoja, sitaki mikono ya kuazima."

Unajua mwenyewe, mwanamke hushushwa na maharimu zake. Wanatangulia shimoni, wanampokea kutoka juu, wanamlaza kwenye mwanandani kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Ni kazi ya dakika chache. Haina marudio.

Alifariki siku ya nne, alfajiri. Mzee Atumani, aliyekuwa akisimamia mazishi ya jamaa zetu wote waliobaki, akasema tutazika baada ya adhuhuri. Mama Zafy alikuwa amehamia kwa binti yake, mbele ya Belobaka kwenye njia ya bara, mwendo wa saa nzima au zaidi kidogo kwa pikipiki. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kwenda, kurudi, saa tano niko nyumbani. Nikaona nafasi ninayo.

Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nikamwuliza Mshangama, "Ina mafuta?"

"Tele. Nilitia juzi."

Mwaka ule petroli ilikuwa shida, vituo vinakauka siku kwa siku. Kwa hiyo nilishika kifuniko cha tangi nifungue nitazame. Wazee walikuwa wamekaa barazani, na Mzee Atumani na tasbihi yake katikati. Akaniita kwa sauti, watu wote wasikie.

"Bakari! Ndugu yako kakwambia ina mafuta. Unamchungulia nini, kama mwizi? Na maiti iko ndani?"

Wazee wakaguna. Mshangama akatazama miguu yake. Nilidhani ananionea haya mimi. Nikaondoa mkono kwenye kifuniko.

Ndivyo tulivyolelewa, mwanangu. Ndugu akikupimia mchele, hupimi tena mbele yake. Akikwambia mlango kaufunga, huendi kuusukuma. Kuhakikisha ni kumwita mwongo, na kumwita ndugu mwongo mbele ya wazee, siku ya msiba, ilikuwa afadhali ule udongo. Nikapiga kiki, ikawaka mara moja, nikaondoka. Nilikuwa nimeionea fahari hata siku ile. Nilipita Belobaka nasikia inavyonguruma nikasema moyoni, hii nimeitolea jasho.

Mama Zafy nilimkuta anapepeta mchele. Aliponiona hakuuliza. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na shuka yake nyeusi ya misibani na kifurushi kidogo cha nguo. Tuliongea Kimalagasi cha kwetu, mimi nakuandikia hivi.

"Panda, mama. Shika kiunoni."

"Nishike kiuno chako? Nilikukogesha kwenye beseni mimi. Nenda, acha maringo."

Tulikuwa hatujaifikia Belobaka tukirudi, pengine tumebakiza mwendo wa nusu saa kwa miguu, pikipiki ikakohoa. Sikushtuka. Wewe unajua jinsi inavyokuwa: koki iko chini ya tangi, ina upande wa kufunga, upande wa kufungua, na upande wa akiba. Ikikohoa, unapeleka mkono bila kutazama, unageuza akiba, na mafuta ya chini kabisa yanakufikisha. Nikapeleka mkono. Kidole kikagonga chuma. Haikuwa na pa kugeukia. Koki ilikuwa tayari upande wa akiba.

Baadaye, miaka baadaye, Mshangama alinieleza mwenyewe. Jana yake jioni, mama akiwa anakata roho, yeye alikuwa amempeleka msichana wake ufukweni Amborovy. Wakati wa kurudi ikamkohoa, akageuza akiba, akafika nyumbani, akaiegemeza ukutani hivyo hivyo. Kutia juzi alitia kweli. Aliyamaliza jana. Hakusema kwa sababu kusema kungeonyesha alikuwa wapi. Nalitaja jina lake, Mshangama, na sitalificha, maana yupo hai na ana pikipiki nyingine.

Jua lilikuwa limepanda. Hapo ndipo nilipofungua tangi, hakuna mzee wa kunizuia, nikaona bati tupu. Nikailaza ubavu, maana mafuta huwa yanabaki upande wa pili wa tangi, ukiilaza yanahamia kwenye koki.

"Sasa umeilaza," akasema Mama Zafy, "tuifunike shuka?"

Ikawaka. Ikatupeleka pengine mwendo wa kurusha jiwe mara nne. Ikazima tena. Nikaanza kuisukuma. Yeye akavua viatu akavibeba, akashika kiti cha nyuma akasukuma pamoja nami, mwanamke wa miaka sitini na kitu. Nikamwambia aache. Akasema, "Wewe sukuma yako, mimi nasukuma yangu."

Likaja lori la makaa. Likasimama. Dereva akatoa kichwa.

"Mnyama amekufa au amesusa?"

"Petroli," nikasema.

"Mimi nina dizeli. Ukimnywesha hiyo atakufa kweli." Akacheka. Mama Zafy akamweleza kuna mtu wa kuzikwa adhuhuri na huyu ndiye mwanawe. Dereva akaacha kucheka, akatazama saa yake. "Pandeni juu ya magunia, wote wawili. Nitawashusha Mahabibo, mjini. Chuma hicho sina pa kukiweka, nimejaza."

Hapa, mwanangu, simamisha macho. Mpaka hapa ningeweza kumlaumu Mshangama, na Mzee Atumani na tasbihi yake. Mpaka hapa.

Nilitazama lori, nikatazama pikipiki. Miaka minne ya moto. Ukiacha kitu barabarani siku zile, ukirudi utakuta alama ya magurudumu. Belobaka ilikuwa karibu, na pale kulikuwa na mama mmoja anayeuza petroli kwa chupa. Nikaona nitafika, nitatia chupa moja, nitalipita lori njiani.

"Iache," akasema Mama Zafy. Alikuwa ameshapanda, amekaa juu ya gunia.

"Tangulia. Nitawapita."

"Bakari. Ni chuma."

"Nitawapita, mama."

Dereva akapiga honi. Mama Zafy akatandika ncha ya shuka yake nyeusi kwenye gunia la pembeni yake, akalipigapiga kwa kiganja, kama unavyomwonyesha mtoto pa kukaa. Mimi nikatikisa kichwa. Lori likaondoka, shuka bado imetandikwa.

Nilisukuma mpaka Belobaka. Muuza petroli alikuwa na chupa zimepangwa vizuri kwenye meza yake, zote mafuta ya taa. Akaniambia petroli pengine kesho. Nikazunguka nyumba kwa nyumba, saa zikaenda. Kwa mwalimu mmoja mwenye pikipiki ndogo nikapata nusu chupa, alinyonya kwa mpira kutoka kwenye tangi lake mwenyewe akatema mate, na hakutaka chochote. Mungu amlipe, jina lake sikuuliza. Nilipopiga kiki, adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita zamani.

Sikwenda nyumbani, nilikwenda makaburini moja kwa moja. Watu walikuwa wanarudi. Unawajua watu waliotoka kuzika, wanatembea wamelegea, wengine wanaanza kuongea habari za mchele. Mshangama alikuwa nyuma yao. Kanzu ameipandisha, udongo mwekundu mpaka magotini na mpaka viwikoni. Alinyoosha mikono yake mbele, hajui aiweke wapi.

Akasema, "Nimempokea vizuri, kaka. Sikumwangusha."

Nilikuwa bado nimeshika usukani. Injini ilikuwa inanguruma, na ndicho kitu kimoja tu nilichokisikia, jinsi inavyonguruma vizuri.

Mzee Atumani akanipita, akasema bila kusimama, "Maiti haingoji pikipiki." Yeye aliyenitoa mkono kwenye kifuniko. Alikufa miaka mitatu baadaye na nilibeba jeneza lake, sikusema kitu. Leo nasema.

Nyumbani nilimkuta Mama Zafy kwenye chumba cha mama, na wanawake. Alikuwa amefika kwa wakati. Alimwona uso. Niliambiwa alitoka mpaka barazani mbele ya wanaume akawaomba wangoje kidogo, akasema mtoto yuko njiani, na wao wakangoja, kisha wakangoja tena kidogo, kisha wakambeba. Nilikaa chini karibu naye. Nilitaka anitukane. Aliikunja shuka yake polepole, ilikuwa na vumbi la makaa upande mmoja.

"Nilikuwekea nafasi mpaka Mahabibo," akasema.

Mpaka alipokufa hakulirudia.

Pikipiki niliiuza mwezi ule ule, kwa mtu wa kwanza aliyeiulizia, na nilimfungulia tangi mwenyewe nikamwonyesha koki iko upande gani. Alinishangaa. Mshangama simchukii. Tukikutana tunaamkiana, anauliza hali, namwambia njema. Wote wawili tunajua ni mikono ya nani mama aliikuta shimoni.

Sasa nikwambie nilichokusudia, uweze kwenda zako.

Ukipewa chombo na mtu, ndugu au si ndugu, fungua kifuniko utazame. Mtazame na yeye usoni ukifungua. Akiona haya, mwache aone. Akikukemea mzee, mwitikie kwa adabu na mkono wako ubaki pale pale kwenye kifuniko. Heshima haiwi petroli, haikufikishi popote.

Na wewe ukiazima cha mtu ukaigusa akiba yake, sema. Sema hata kama kusema kutaonyesha ulikuwa wapi na nani. Aibu yako ya jioni moja ni ndogo. Unayemficha huenda kesho yake ana mtu wa kumshusha.

La mwisho ndilo langu mimi, halina Mshangama wala Atumani ndani yake. Ikizima njiani, na kuna mtu anakungoja, na limekuja gari lenye nafasi ya mtu bila chuma, panda. Usiitazame. Usipige hesabu ya Belobaka. Iache ikae pale, waichukue magurudumu, waichukue taa, waichukue yote. Mimi niliirudisha nyumbani yangu nzima, haina hata mkwaruzo.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde na barabara, akulinde na watu wanaosema tele. Na yule atakayeomba apokewe kwa mkono wako, Mungu akufikishe kwake kabla ya udongo.