Magimbi ya Nyuma ya Nyumba

Zamani maji yalishuka yenyewe kutoka mlimani, yakapita katikati ya magimbi, na samaki, mikizi, wakanenepa humohumo bila kulishwa na mtu. Siku hizi maji yanazungushwa na pampu iliyochomekwa ukutani, nyuma ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia nguo.

Pampu ninayoisema ilikuwa ya Likeke Puaoi, jirani yangu hapa Waimanalo, kisiwani kwetu, kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa dereva wa basi la shule mpaka magoti yakamstaafisha. Mtu mnene, mpole, aliyecheka kabla hajamaliza kusema jambo lenyewe. Mkewe, Kuulei, alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo, na kucheka alimwachia mumewe. Binti yao wa pekee, Mahina, alikuwa amehamia Las Vegas, mji wa jangwani, kama nusu ya watu wa mtaa huu. Huko anayesafisha vyumba vya hoteli anaweza kupata nyumba. Hapa anayesafisha vyumba vya hoteli analala kwa mama yake. Basi Mahina akazaa mtoto wa kiume hukohuko jangwani.

Kwetu mtoto akitimiza mwaka hufanyiwa karamu, na karamu yenyewe si keki na mshumaa. Ni watu mia mbili, nguruwe mzima ndani ya tanuri la shimoni, na vipande vya nyama vilivyofungwa kwa majani ya magimbi vikapikwa siku nzima. Mahina akapiga simu mwezi wa kwanza, akasema ya mwanawe ataifanya kulekule, mwezi wa kumi, kwenye ukumbi wa kukodi. Likeke akamjibu kwamba itafanyika nyumbani, na majani na samaki vitatoka nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Alinieleza hayo kesho yake, ameegemea uzio.

“Nyuma ya nyumba yako kuna kamba ya nguo na mbwa,” nikamwambia.

“Mwezi wa kumi kutakuwa na magimbi, Mjomba.”

“Utayamwagilia maji gani? Mate?”

“Hayahitaji mto. Samaki wanachafua maji, pampu inayapandisha kwenye mimea, mimea inakula uchafu, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Maji ni yaleyale siku zote. Nimejiandikisha darasani.”

Nikamwambia kwamba baba yangu alifanya jambo hilohilo bila darasa. Alikuwa na madimbwi manne ya magimbi upande wa pili wa mlima, na mikizi ndani yake, mpaka watu wa miwa walipouchukua mto na kuupeleka kwao kwa mfereji. Mikizi walikufa kwa siku mbili. Magimbi yalichukua mwezi. Likeke alinisikiliza, kwa kuwa alikuwa na adabu, kisha akaniuliza kama nina msumeno wa kukatia plastiki.

Nilipomletea msumeno, akasema bila kuniangalia, “Mahina hajasema hatarudi. Amesema hapa hakuna kitu. Mimi nataka aje aone kitu.”

Akakata tangi kubwa la plastiki. Sehemu ya chini akatia maji na perege wadogo thelathini, sehemu ya juu akaiweka kwenye matofali iwe kitanda cha mimea. Mwalimu wa darasa, kijana aliyevaa viatu hata ufukweni, alimwambia asubiri wiki sita maji yakomae, yaweze kulisha mimea. Likeke akasubiri wiki sita. Kila asubuhi alitia maji kwenye kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia, akakiinua juani kuangalia rangi. Kuulei alimkataza kuviweka vile vichupa karibu na chumvi.

Kitanda kilitakiwa kujazwa kokoto nyeusi za volkano. Ndivyo mwalimu alivyosema, na Likeke alikuwa ameandika kwenye daftari akapigia mstari. Lakini kabla hajaenda kuzichukua, akaja binamu yake Kamuela, mwendesha katapila wa kule Ewa, ambako wanachimba ardhi wajenge nyumba zisizo na uwanja. Kamuela ndiye fundi wa tanuri la shimoni wa ukoo mzima. Hakuna aliyethubutu kuozesha, kuoa wala kutimiza mwaka bila Kamuela kuchoma nguruwe. Alirudisha lori lake kinyumenyume mpaka kwenye kamba ya nguo.

“Nimesikia unatafuta kokoto,” akasema. “Hizi hapa. Matumbawe ya chini kabisa, nimeyaosha mwenyewe. Angalia weupe huo.”

Yalikuwa meupe kweli. Likeke akayaangalia. Akaangalia daftari. Mimi nilikuwa uziani, nikaona jinsi alivyolifunga taratibu na kulitia mfukoni. Mtu aliyeendesha lori kuzunguka nusu ya kisiwa kukuletea zawadi humwambii hujaipenda. Unaipokea, unaitumia mbele yake, na yeye haondoki mikono mitupu. Jioni hiyo kitanda kilijaa matumbawe, na Kamuela akaondoka na nusu ya samaki waliokuwa kwenye friji ya Kuulei.

Magimbi yalipandwa siku iliyofuata. Majani ya kwanza yalitoka kijani, ya pili yakatoka manjano, mishipa tu ndiyo kijani, kama ramani ya mito. Likeke akaongeza chakula cha samaki. Perege kumi wakafa. Akapunguza. Mwalimu akamwambia kwa simu kwamba maji yake yana chokaa mno, achunguze bomba, naye akabadilisha bomba.

Mimi nilijua siku nilipoona manjano. Mtu aliyezaliwa ndani ya magimbi hahitaji darasa kujua kwamba yanakataa chokaa. Nikakaa wiki tatu bila kusema kitu. Sikuwa nimeulizwa. Na niseme ukweli, nilipenda kidogo kuona kwamba pampu haiwezi kazi ya mto.

Aliyenitoa kwangu ni Kuulei. Alikuja na bakuli la wali, akaketi kibarazani pangu.

“Mahina amenunua tikiti,” akasema. “Anakuja. Ameuliza majani yamefika wapi, na yule mwongo akamwambia yamefika kiunoni.”

“Yamefika kwenye kifundo cha mguu.”

“Mjomba, wewe kila siku uko kwenye huo uzio. Unajua nini ambacho hujasema?”

Nikala wali kwanza. Kisha nikaenda naye, nikachukua jiwe moja kitandani, nikalitia kwenye bilauri na kumimina siki. Likatoa povu kama soda. Likeke akainama kuangalia, mikono magotini.

“Hiyo ni chokaa inayeyuka,” nikasema. “Maji yako yanapita juu yake mchana na usiku.”

“Tangu lini unajua?”

“Tangu mwezi wa sita.”

Hakucheka. Akasema, “Nikiyatoa, Kamuela atasikia. Kamuela akisikia, hakuna nguruwe.”

“Basi chagua. Nguruwe au majani.”

“Hebu nyamazeni,” Kuulei akasema.

Akaingia ndani, akampigia Kamuela simu. Tulimsikia dirishani. Alimwambia kwamba watu wanaosimama barabarani wanayasifu yale mawe mpaka wanamchosha, na ni aibu kufunika kitu kizuri hivyo kwa majani. Anataka kuyatandaza njiani, kuanzia barabarani hadi mlangoni, ili mtoto apite juu yake siku ya karamu yake. Je, binamu ataudhika yakihamishwa? Kamuela hakuudhika. Alikuja mwenyewe Jumamosi na koleo, akayatandaza, akakaa jioni nzima akiangalia njia ile. Alipoona kokoto nyeusi zinazoingia kitandani akasema hata hizi si mbaya kwa kitu kisichoonekana.

Zilikuwa zimebaki wiki kumi na mbili. Magimbi yakabadilika rangi, yakakua kwa haraka ya kitu kilichochelewa. Siku ya karamu Kuulei akakata majani yote, akapata ya kufunga nyama mafungu kumi na manne. Watu walikuwa mia mbili na kumi. Majani mengine yalitoka dukani, na hakuna aliyeona tofauti isipokuwa mimi. Perege tisa walikaangwa.

Mahina alipewa fungu la kwanza. Likeke alisimama mbele yake, kofia mkononi, akamwangalia akila mpaka mwisho.

“Tamu, Baba,” akasema. “Kweli yametoka hapo tu?”

“Hapo tu.”

Akaomba kuonyeshwa. Akazunguka tangi, mtoto kiunoni, akauliza maswali mazuri. Yanatumia maji kiasi gani? Machache, baba akajibu kwa fahari, ni yaleyale yanazunguka. Udongo je? Hakuna udongo. Kwa hiyo hata mahali pakavu?

“Hata jangwani,” Likeke akasema.

Mahina akafurahi sana. Akasema, “Basi Baba, njoo ukijenge kitu hiki kwetu. Nina uwanja wa nyuma, umekaa bure. Mtoto atakua anaona.”

Niliuona uso wa Likeke. Alikuwa ametaka kumwonyesha kitu, na alikuwa amemwonyesha. Madimbwi ya baba yangu hayakuweza kwenda popote, kwa hiyo nasi hatukwenda popote. Cha Likeke kiliweza kuhama. Kilihitaji kuchomekwa tu.

Walijadiliana miezi mitano, na mwisho Likeke akaja uziani kuniambia wanahamia kwa Mahina, nichukue samaki waliobaki. Nimewala wote. Hawafikii mikizi.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa asubuhi ya Jumanne, mwezi wa tatu, Kamuela akiwasubiri garini. Likeke alikuwa amefunga pampu ndani ya taulo, ameibeba kwenye begi la mkononi.

“Ukihitaji kitu, Mjomba, piga simu.”

“Nihitaji nini kutoka jangwani?”

Akaanza kucheka, kisha akalihamishia begi mkono wa pili. Kuulei akanipa bakuli la wali lililofunikwa, akaniambia lile bakuli nisilirudishe. Wakashuka ile njia nyeupe, mmoja nyuma ya mwingine, matumbawe yakilia chini ya viatu vyao mpaka barabarani.