Jiwe juu ya kitanda ya mutoto

We, unajua rayon ni nini? Ngoja, usijibu mbio! Mi nilijua vizuri sana, nilikuwa nasafisha magasin moja, duka kubwa, hapa Schaerbeek, kwa Babelgiji. Rayon ya sabuni, rayon ya biskuti, rayon ya chakula ya mbwa. Kitu unapanga vitu juu yake, basi.

Bon. Bwana yangu alikuwa anachimba mawe kule Katanga. Siku moja akaniletea jiwe nyeusi, manjano inapita ndani, muzuri! "Shika maua yako," akasema, "haya hayakauke." Nilicheka mpaka tumbo ikauma. Kifua ikamuua, mi nikabakia na jiwe. Nilipokuja huku niliifunga mu kitenge, nikashuka nayo ku stesheni ya treni, Gare du Midi, nikaiweka juu ya mbao moja ya ukuta, mu chumba yenye nililala na mujukuu wangu, mutoto mwanamuke.

Alors, mupe mumoja muzee, padri, Mubelgiji wa kukaa Katanga myaka mingi, akaja kunywa kahawa. Kuona jiwe, akasimama.

"Maman! Hii jiwe iko na rayons mubaya! Ni danger kwa mutoto!"

"Ni kweli, mon père. Kesho nitatengeneza."

Nikawaza: ana haki, ile mbao inacheza, jiwe itaangukia mutoto. Nikanunua rayon mupya, ya nguvu, misumari ine, nikaipigilia juu kabisa ya kitanda yake. Nilifurahi! Miguu ya mupe ikagonjwa, hakurudi. Myaka mbili mutoto alilala chini ya ile jiwe.

Siku alirudi, nikamuvuta mukono: "Kuja uone rayon yangu!" Masikini, alikaa chini, akashika kichwa. Hapo ndipo alinifasiria polepole: kuko rayons zingine, moto yenye haionekane, haina harufu, inatoka mu jiwe na kuingia mu mwili. Akaita batu ba hiyo kazi, bakakuja na kamashini ya kupima ile moto, kakalia ta-ta-ta-ta kama mafuta ya kukaanga. Bakabeba jiwe mu sanduku ya risasi, ile chuma nzito yenye inazuia hiyo moto.

Woluwe, ku hopitali, bakapima mutoto damu, bakamushika-shika shingo. Docteur akasema, "Leo hakuna kitu, maman. Lakini ugonjwa ya hii inaweza kukawia myaka mingi mbele ya kutokea. Arudi kila mwaka."

Tangu hapo nawaza tu. Kule Katanga, nguo ya bwana yangu, na mavumbi yake yote, nilifuaka pamoja na ya batoto. Ile maji nilimwagia lengalenga, mchicha ya bustani, na lengalenga tulikula. Nani alituambia? Lakini mupe, yeye aliniambia. Kama ningemuuliza neno moja tu! Nilisikia haya, nikajifanya mujuzi.

Mu tram ya kurudi nililia. Mutoto, myaka kumi, akaniangalia.

"Kambo, nyanya yangu, utanichafulia koti! Sikia: kila mwaka nitaenda kujipimisha, hata nikiolewa, hata nikiwa muzee bila meno. Na siku bataona kitu, sitakuficha. Ni weye nitaambia wa kwanza."