Mtaa Ulioandikwa Mara Mbili

Pale ofisi ya maji walimwita Bi Mabano, na yeye hakuchukia. Jina hilo alilipata kwa dereva wa ofisi, siku aliyomkuta ameinamia karatasi zilizojaa mabano ya mraba, akamuuliza kama ile ni hesabu au ni uzio wa mbuzi.

Bi Mabano alicheka, akamweleza. Mji mzima umo ndani ya faili moja la kompyuta. Kila mtaa una sehemu yake: jina la mtaa limefungiwa ndani ya mabano, na chini yake kuna mistari michache inayosema koki kubwa ya mtaa huo ifunguliwe saa ngapi, ifungwe saa ngapi. Ukikuta mabano mengine, ujue umeingia mtaa mwingine.

"Kwa hiyo wewe ukikosea mstari mmoja, watu hawaogi," dereva akasema.

"Hawaogi. Halafu wananitukana."

Kutukanwa alikuwa amekuzoea. Yeye na mama yake walikaa mtaa wa juu, ule wenye ngazi za mawe, na kwa miaka mitatu maji ya huko yalikuwa ya kudokoa. Yanakuja alfajiri, yanakohoa hewa, yanajaza ndoo mbili, yanakata. Ratiba iliyobandikwa ofisini ilisema maji ni ya muda wa saa tatu kila siku. Majirani waliisoma, wakamtazama yeye.

"Mganga hajigangi," jirani wa mlango wa pili alimwambia siku moja kwenye foleni ya kisima, na foleni ikacheka. Wengine hawakuwa na mzaha. Walisema ana tangi lake la siri uani. Lau wangeingia uani wangemkuta mama yake, mjane aliyevuka sitini, akipumzika kwenye kigoda baada ya kupanda ngazi zile na ndoo kichwani.

Bi Mabano alilifungua lile faili mara zisizo na idadi. Sehemu ya mtaa wa juu ilikuwa karibu na mwanzo, nayo ilisema vile vile kila siku: fungua saa kumi alfajiri, funga saa moja asubuhi. Hakuna kosa. Basi alikwenda kwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yake na fundi mkuu wa mtambo. Baba yake Bi Mabano alipofariki, binti akiwa na miaka tisa, mjomba ndiye aliyemshika mkono kumpeleka shule, akamfundisha kushika spana, na alipomaliza masomo ya kompyuta akamwingiza ofisi ile. Tangu utotoni mjomba alimwita "mama", na akimwita hivyo binti aliona hakuna neno zito duniani.

"Shikamoo Mjomba. Ni mtaa wetu tena."

"Marahaba, mama. Faili umelitazama?"

"Nimelitazama. Liko sawa."

"Basi ni mabomba. Yale yamenizidi umri. Vumilia."

Akavumilia. Tena akamtetea. Kisimani watu wakianza maneno, yeye husema, "Fundi mkuu mwenyewe kasema ni mabomba," na mtu akibisha, anamnunia wiki nzima.

Ikafika siku kompyuta ya zamani iliyokuwa ikilisoma faili lile na kuziamuru koki ikawa inakata roho. Bi Mabano akapewa kazi ya kuandika programu mpya. Hakuanza na mchanga na kokoto. Lugha ya skripti aliyojifunza ilikuwa na maktaba ya kusomea mafaili ya namna ile, kazi iliyokwisha kufanywa na wengine: unaipa faili, inazipanga sehemu zote, kisha unaiuliza mtaa fulani unafungwa saa ngapi nayo inakujibu. Skripti yake, yaani ile programu mpya, haikuzidi mistari arobaini.

Aliijaribu Jumanne asubuhi. Ikakataa. Ilimwandikia kwamba sehemu ya mtaa wa juu imekwisha kutajwa, na inatajwa tena mstari wa elfu moja mia moja themanini na sita.

Alidhani amekosea yeye. Akashuka mpaka mstari ule. Alipita mitaa yote, akapita mipangilio ya ving'ora vya pampu, akapita mistari mitupu iliyojaza kioo mara mbili, mahali ambapo mtu yeyote angeamini faili limekwisha. Chini kabisa palikuwa na mabano, jina la mtaa wake, na mstari mmoja tu. Funga saa kumi na moja alfajiri.

Alielewa papo hapo. Programu ya zamani ilikuwa kama karani mvivu: ukimpa amri mbili zinazopingana, anaifuata ya mwisho na hakuulizi. Maktaba mpya haikubali jina moja mara mbili mpaka uiruhusu. Alitafuta nakala za zamani za faili, maana kila lilipobadilishwa kompyuta iliandika tarehe na jina la aliyebadilisha. Mstari ule uliongezwa miaka mitatu nyuma, wiki ile nyumba mpya za wakubwa zilipounganishwa maji. Koki yao ilifunguka saa kumi na moja. Jina lilikuwa la mjomba.

Alichapa ukurasa ule, akamfuata chumba cha pampu. Kwa kelele za mle wakatoka nje, kwenye ukuta wa nyuma. Mjomba alijifuta grisi, akaipokea karatasi. Miwani aliiacha mfukoni.

"Mjomba, hii ni nini?"

"Umeipataje?"

Bi Mabano alimtazama. Alikuwa amekuja na tumaini dogo kwamba mtu mwingine alitumia jina la mjomba. Likaishia pale.

"Wakubwa walitaka maji," mjomba akasema, "na pampu ni zile zile. Mtaa mmoja lazima upungukiwe. Mkurugenzi akaniachia nichague."

"Ukachagua kwetu."

"Kwingine kokote wangeandamana. Lakini nani angeshuku kwamba mtunza ratiba anajinyima mwenyewe? Waliwaona wewe na mama yako na ndoo, wakaamini ni mabomba."

"Kwa hiyo kunileta hapa…"

"Nilikuleta kwa sababu una akili. Hilo lingine lilitokea tu." Akamrudishia karatasi. "Sikiliza, mama. Iambie hiyo skripti yako ilegeze, izikubali sehemu zote mbili, kisha iliandike faili upya. Itaziunganisha yenyewe, na saa kumi na moja itabaki. Hakuna atakayeuona mshono."

Ni kweli ingeziunganisha. Mtu aliyedai siku zote kwamba mambo ya kompyuta yanampita kando alikuwa anayajua vizuri.

"Usiniite mama," Bi Mabano akasema, akaondoka.

Aliifuta ile sehemu ya chini. Skripti ikalisoma faili bila neno. Kesho yake mtaa wa juu ulipata maji kwa saa tatu nzima, na kabla ya adhuhuri mkurugenzi akamwita, kwa sababu kwa wakubwa yalikuwa yakitiririka kama uzi. Bi Mabano aliweka nakala mbili mezani, ya zamani na mpya.

"Mimi sikuwahi kuutaja mtaa wenu," mkurugenzi akasema.

"Basi utaje sasa, kwa maandishi na sahihi yako. Nitayabandika pale pamoja na ratiba."

Hakusaini. Mwisho wake kila mtaa ukakatwa dakika chache, wa wakubwa pia, na mjomba akahamishiwa stoo.

Kumwambia mama ndiko kulikokuwa kazi. Alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukunja.

"Alijua kama mimi ndiye ninayebeba?"

"Alijua, Mama."

"Jumapili zote alikuwa anakuja kula hapa. Nikimnawisha mikono, namwomba radhi kwamba maji ni haba." Alikunjua shati alilokwisha kulikunja. "Ananiambia, usijali, dada."

Majirani nao aliwaambia, kisimani, mbele ya watu. Hawakushangilia. Jirani wa mlango wa pili aliuliza polepole, "Damu moja, ofisi moja. Kweli hukujua?" Bi Mabano aliapa kwamba hakujua. Wapo wasiomwamini hadi leo.

Mjomba alistaafu mwaka uliofuata. Miezi kadhaa baadaye alimtumia ujumbe: simu yake imepoteza namba zote, anazirudishaje. Ujumbe ulianza na "mama". Bi Mabano alikaa nao siku mbili. Kisha akamwandikia hatua moja baada ya nyingine, zote nne, wazi kabisa hata mtoto angezifuata. Salamu hakuandika.