Pombe ya Posa Kutoka Rugerero

Mdogo wangu alipopata mchumba, ukoo mzima wa kwenda kumposea ulikuwa mimi peke yangu. Wazazi tuliwazika Karagwe kabla hatujarudi Rwanda. Kwa hiyo pombe ya posa ilikuwa juu yangu, na wakwe wenyewe walikuwa watu wa ziwani, wenyeji wa Gisenyi tangu enzi za babu zao, wanaoujua urwagwa mzuri, pombe yao ya ndizi, hata kwa harufu. Nikiwapelekea pombe mbaya, wangesema hawa waliotoka Tanzania wamekuja mikono mitupu, na mdogo wangu angeishi na maneno hayo maisha yake yote.

Nikapanga safari ya kuonja. Mimi ni mtu wa orodha, cheka ukitaka. Jumapili moja, nyumba tatu za wapishi wa pombe huko Rugerero, kutoka asubuhi na kurudi jua likiwa bado juu, maana miaka ya tisini ilikuwa inaishia na barabara ndiyo kwanza zimetulia baada ya vita. Kiongozi wangu alikuwa jirani yangu muuza sambaza, aliyezijua nyumba zote kwa sababu alizipelekea samaki.

Nyumba ya kwanza, mwenyeji alivuta mrija kwanza, kama desturi inavyotaka, mgeni aone hakuna sumu. Lakini kabla ya kunipa kibuyu aliniuliza habari za ukoo hadi babu wa tatu, na pombe yenyewe ilikuwa chachu. Nyumba ya pili, heshima ileile, hadithi ndefu zaidi, na pombe imejaa maji. Nyumba ya tatu tuliambiwa wenyewe wamekwenda msibani Busasamana. Nilinuna waziwazi.

Tukiwa njiani kurudi, ikanijia harufu tamu ya ndizi zilizokamuliwa. Uani kwa bibi mmoja kulikuwa na mtumbwi wa mbao wa kuchachushia pombe, uliofunikwa kwa majani ya mgomba. Nilipiga hodi kabla jirani yangu hajawahi kunivuta kitenge.

Bibi akachota, akatia mrija, akainua kibuyu aonje. Nami, kwa kiu na hasira za siku nzima, nikakitwaa mikononi mwake nikavuta kwanza. Nikavuta tena. Ilikuwa kali, tamu kwa mbali, mtama wake uliokaangwa ukinukia. Nilipoinua macho, jirani yangu alikuwa ameshika mdomo, na bibi machozi yanamtoka.

Niliomba radhi upesi.

"Hapana, mutoto wangu," akasema, kwa Kiswahili alichokipata sokoni Goma. "Toka nirudi toka kambi ya wakimbizi, naonja mbele ya watu, nakunywa hata nusu, na bado wanasema wameshiba. Wanasema mi niko na sumu."

"Sasa unapika ya nini, bibi?"

"Ndizi haziachi kuiva."

Nje, jirani yangu alinishika mkono. "Dada, wakwe watauliza nani alipika. Hawatakunywa. Bon, acha." Alisema kweli, na niliogopa. Lakini sikuwa na pombe nyingine, wala sikuitaka. Nikarudi ndani nikaagiza madumu ya posa, nikamwomba bibi aje nayo mwenyewe.

Siku ya posa nilimkalisha bibi upande wetu, pale ambapo mama yangu angekaa. Mzee wa wakwe akauliza, kama nilivyoonywa, ni nani aliyepika.

"Huyu hapa," nikasema. "Ni mama yetu."

Mzee akamtazama bibi, akatazama kibuyu. Akavuta. Akavuta mpaka mrija ukakoroma.

"Hawa wana mama," akawaambia watu wake, na kibuyu kikajazwa tena, kikaanza kuzunguka. Namshukuru mzee yule mpaka leo. Na bibi namshukuru zaidi, kwa sababu mimi nilimpa sifa ya siku moja, naye alitupa ukoo.

Wiki ileile nilimrudishia madumu yake, maneno ya shukrani nimeyapanga vizuri kichwani. Uani palikuwa pamejaa watu. Jirani yangu wa sambaza alikuwa amekaa benchi la mbele, mrija mdomoni.

"Ngoja zamu yako, dada," akasema.

Bibi alinipungia mkono uliolowa maji ya ndizi, akaendelea kukamua. Nilikwenda kumshukuru, nikakuta hana nafasi ya kushukuriwa. Nikakaa, nikangoja.